Jina Ambalo Mama Hakulitaja

Mwezi uliopita mkaza mwanangu alitoka hospitali na mtoto wa kiume, mjukuu wangu wa kwanza, wakafikia hapa kwangu Themi ili mke wangu ampikie mtori na kumsaidia kumwogesha mtoto. Asubuhi moja nilikuwa sebuleni na gazeti langu, redio inajisemea peke yake, nikamsikia yule binti chumbani anaongea na mwanawe. "Yohana. We Yohana. Mbona hutaki kunyonya, Yohana?" Nikalishusha gazeti magotini nikabaki nasikiliza.

Si kwamba nilikasirika. Binti wa watu hana kosa lolote. Kwao ni Morogoro, na huko kwao, kwa kadiri ninavyoelewa, mtu hupewa jina ili aitwe. Na mtoto kalipata jina hilo kihalali kabisa, kwa mila yetu sisi Wameru: mtoto wa kwanza wa kiume hubeba jina la babu yake mzaa baba. Yohana ni mimi. Ila kumsikia mke wa mwanangu akilitamka jina langu huku anatafuta kitambaa cha kumfutia mtoto mate, bila kushusha sauti, bila hata kukohoa kwanza, kulinitoa hapa mjini kukanirudisha utotoni, kijijini kwetu juu ya Makumira, jikoni kwa mama yangu. Maana mama yangu, ndugu yangu unayesoma, alikuwa hajawahi kuniita kwa jina. Nimezaliwa, nimekua, nimeoa, nimestaafu, sasa ni babu mwenye mvi hadi masikioni, na mama alikuwa hajalitamka hata kwa kuteleza.

Sikufichi: utotoni sikutamani kitu kama nilivyotamani kulisikia jina langu likitoka kinywani mwake. Wenzangu walitamani viatu na mipira ya kununuliwa dukani. Mimi nilitamani hilo. Na hamu hiyo haikuniisha nilipoota ndevu, ila niliacha kuisema.

Kijiji chetu kiko ubavuni mwa mlima Meru, mahali ambapo barabara inaacha kuwa ya magari na kuwa ya ng'ombe. Nyumba ilikuwa katikati ya kihamba, yaani shamba letu la migomba na kahawa, na mfereji wa maji ulipita nyuma ya jiko ukitokea juu msituni. Ulikuwa ukiongea mchana kutwa. Msimu wa kahawa sauti ya kwanza niliyoisikia nikiamka ni ile mashine ya kumenyea buni, baba anazungusha mkono wa chuma, maganda mekundu yanamwagika upande huu, punje zinateleza upande ule. Sisi watoto kazi yetu ilikuwa kuchambua kahawa iliyoanikwa mezani, na kukata majani ya ng'ombe, na kupasua migomba iliyokwisha kuzaa ili ng'ombe wapate kitu chenye maji. Jioni mama alisonga loshoro, mahindi yaliyokobolewa na ndizi, akamimina maziwa ya mgando juu yake, na harufu ile ya kibuyu kilichosafishwa kwa kaa la moto mpaka leo ikinipitia puani mate hunijaa mdomoni.

Katika yote hayo mama aliniita Baba. "Baba, kachote maji." "Baba, hizo nguo umezifanyia nini?" Wadogo zangu waliitwa majina yao, tena kwa kupayukiwa, jina moja likitoka jikoni linafika hadi kwa jirani. Mimi tu ndiye niliyekuwa Baba. Hata fimbo niliagizwa kwa heshima: "Baba, niletee ile fimbo iliyo nyuma ya mlango." Nadhani hujawahi kuchapwa na mtu anayekuita baba. Unalia huku hujui kama umeadhibiwa au umeamkiwa.

Nilimwuliza mapema sana, pengine kabla sijaanza shule. "Mama, mbona huniiti jina langu?" Alikuwa anamenya ndizi, mikono imejaa utomvu. Akaniangalia, akacheka kidogo, akasema, "Kula, Baba." Mazungumzo yakaishia hapo. Mtoto akinyimwa jibu hujitungia la kwake, na langu lilikuwa baya: niliamini jina langu lina kasoro. Labda ni jina la mtu aliyefanya ubaya fulani, nikawaza, na watu wote wanajua isipokuwa mimi.

Siku ya kunipeleka darasa la kwanza ndiyo iliyonichanganya zaidi. Tulipanga foleni mbele ya meza ya mwalimu, kina mama na watoto wao waliopakwa mafuta ya kung'aa. Ilipofika zamu yetu mwalimu akauliza, bila kuinua kichwa, "Mtoto anaitwa nani?" Mama akanyamaza. Mwalimu akauliza tena. Mama akageuka nyuma, akamshika mkono binti wa jirani yetu aliyekuwa na mama yake kwenye foleni, akamwambia kwa Kimeru, "Mwanangu, hebu mwambie mwalimu huyu ni nani." Yule binti akalisema jina langu kwa sauti kubwa na ya madaha, kama aliyeulizwa swali analolijua peke yake darasani. Mwalimu, ambaye kwao hakukuwa mbali, hakushangaa hata kidogo. Aliyeshangaa ni mimi.

Nilikwenda moja kwa moja kwa bibi, mama yake baba. Bibi alikuwa mtu wa mizaha na aliniita mume wangu, kwa sababu nilibeba jina la mumewe. Nikichelewa kumpelekea kuni alinuna kama mke aliyesahauliwa: "Siku hizi mume wangu ana mwingine." Siku hiyo alinikalisha kwenye kigoda, akanipa kipande cha sega la asali nitafune, akanieleza. Mwanamke anapoolewa, alisema, baba mkwe ndiye anayempokea na kumwonyesha mahali pa kujenga jiko. Kumtaja kwa jina ni kujisimamisha sawa naye. Mwanamke aliyeteleza akalitaja, enzi zao, alipeleka kondoo kuomba radhi, na watu walimsimulia hadi wanawe wakaona aibu. "Sasa jina la baba mkwe wa mama yako ni nani?" Nikajibu, Yohana. "Na wewe?" Nikaacha kutafuna, asali ikiwa mdomoni.

Hapo ndipo hasa nilipopatwa na ugonjwa wa kutaka kujua. Kama jina lenyewe ni zito kiasi cha kumfunga mama yangu mdomo, basi ni jina gani hilo? Limetoka wapi? Nilianza na babu mwenyewe, yaani habari zake, kwa sababu yeye alikuwa mtu wa maneno machache na siku nyingi alikuwa msituni na mizinga yake ya nyuki. Bibi ndiye aliyenisimulia. Babu alikuwa kijana mkubwa alipojiunga na darasa la ubatizo, na wakati ule kila aliyebatizwa alitakiwa kuchukua jina jipya la Kikristo. Wenzake walihangaika wakichagua wafalme na malaika. Yeye hakusema kitu mpaka siku waliyofundishwa habari za Yohana Mbatizaji, aliyekaa nyikani akila nzige na asali ya mwitu. Babu akainuka akasema, "Huyo ndiye mimi." Nzige walishapita Meru akiwa mdogo, na watu waliwakaanga wakala. Asali ndiyo ilikuwa kazi yake. Mchungaji alijaribu kumweleza kuwa hayo si mambo makuu ya yule nabii, lakini babu alikuwa ameshakaa chini.

Kutoka hapo sikumwacha mtu mzima apumzike. Jumapili alikuwa akija kutufundisha kijana mmoja anayesomea uchungaji chuoni Makumira, mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Nilimngoja nje ya kanisa, kwenye mnada wa mavuno, pale ambapo mikungu ya ndizi na kuku waliotolewa sadaka walikuwa wakinadiwa na mzee wa kanisa mwenye sauti ya kukwaruza. Nikamwuliza jina langu maana yake nini. Akafurahi mno, nadhani hakuna mtu kijijini aliyewahi kumwuliza Kiebrania. Akaniambia kwamba Yohana ni jina la Kiebrania lenye maana ya kuwa Mungu amefanya neema, Mungu amependelea. Nikamwuliza kama hakuna ubaya wowote ndani yake. Akacheka. "Ubaya? Wewe jina lako lote ni zawadi."

Yule kijana ndiye aliyenifungulia dunia. Alinieleza kuwa kuna Yohana mwanafunzi aliyependwa na Yesu, mvuvi, mwana wa Zebedayo. Kwamba mapapa wa Roma walilipenda jina hilo kuliko jina lolote jingine, hadi katika kuhesabiana wakakosea wakaruka namba, na mpaka leo hakuna papa Yohane wa ishirini. Hilo lilinifurahisha kupita kiasi. Nilikuwa dhaifu wa hesabu, na nikaona kumbe nina wenzangu hata huko Roma. Aliniambia pia kuna mfalme wa Kiingereza wa jina hilo aliyewaudhi watu wake kiasi kwamba hakuna mfalme wao mwingine aliyethubutu kulichukua. Na akaniambia kwamba zile nyimbo zilizopigwa na tarumbeta za usharika wetu, zile zilizomfanya bibi afumbe macho, nyingi zilipangiwa sauti na Mjerumani mmoja, Johann Sebastian Bach, na Johann ni Yohana huyohuyo aliyevaa koti la baridi.

Mwalimu wangu wa shule naye aliongeza lake. Asubuhi moja ya anga safi, Kilimanjaro imejitokeza yote kule mashariki, alituonyesha kwa fimbo akasema kwamba Mzungu wa kwanza kuandika kuwa pale juu kuna theluji aliitwa Johannes Rebmann, na wasomi wa kwao Ulaya walimcheka, wakasema jua la Afrika limemchezea macho. Darasa zima likanigeukia. Nilivimba kichwa wiki nzima. Nilijiona mimi ndiye niliyebishiwa halafu nikaonekana mkweli, ingawa theluji yenyewe babu yangu na wote waliomtangulia walikuwa wakiiona kila walipokwenda haja.

Baba aliponipeleka mjini kushonewa sare, tulikwenda Kaloleni kwa fundi cherehani mmoja wa Tanga, mzee wa kofia ya vito, baraza yake imejaa vipande vya kaki. Akanipima mabega akaniuliza jina. Nilipomwambia, akaacha futi ikaning'inia. "Alaa! Basi wewe somo yangu!" Nikamwambia yeye nimemsikia akiitwa Yahya. "Ndiyo hiyohiyo, bwana mdogo. Yahya bin Zakaria. Nyie mnamwita vyenu, sisi tunamwita vyetu, mtu ni mmoja." Akanieleza kwamba katika kitabu chao Mungu mwenyewe ndiye aliyemchagulia jina, na hakuna aliyekuwa amepewa kabla yake. Akanishonea mfuko wa ziada ndani ya kaptula, mfuko wa siri, kwa ajili ya usomo wetu. Nilirudi nyumbani nikiwa na ndugu hata msikitini.

Lakini angalia sasa. Maarifa yote hayo niliyaleta jikoni kwa mama, na hayakufua dafu. Nilidhani nikimtegea vizuri atanasa. "Mama, aliyembatiza Yesu ni nani?" Mama anapuliza moto. "Yule wa nyikani." "Yupi wa nyikani?" "Aliyekatwa kichwa." "Na aliyeegemea kifuani pa Yesu?" "Mwana wa Zebedayo, yule mdogo. Baba, sogeza hiyo sufuria." Alikuwa hodari. Alijua Biblia kuliko mimi na aliweza kuizunguka yote bila kukanyaga mahali pamoja. Katika kikundi cha wanawake alipopangiwa kusoma neno, alisimama na kitenge chake kilichopigwa pasi, akatangaza kwa utulivu: "Somo letu linatoka Injili ya nne, mlango wa tatu." Akina mama wote wakafunua mahali panapohusika bila hata mmoja kutabasamu. Nusu yao walikuwa na majina yao wenyewe waliyoyazunguka hivyohivyo. Kulikuwa na mmoja ambaye baba mkwe wake alikuwa Musa, na huyo sijui alisomaje Agano la Kale.

Sikukuu moja yule kijana wa Makumira alihubiri habari za kuzaliwa kwa Yohana. Alisimulia jinsi Zekaria alivyopigwa bubu, mtoto akazaliwa, ndugu wakataka aitwe kwa jina la baba yake, mama yake akakataa akasema ataitwa Yohana, na ndugu wakapinga kuwa katika ukoo wao hakuna mtu wa jina hilo. Hapo kanisa lilinong'ona. Kwa mahubiri yale watu wetu walikuwa upande wa ndugu, moja kwa moja. Bibi alinigusa na kiwiko akaninong'oneza, "Walikuwa na haki! Mtoto anapewaje jina la mtu asiye wa ukoo?" Kisha mhubiri akafika pale Zekaria alipoandika kibaoni jina la mtoto, ulimi wake ukafunguka, akasema. Nilimtazama mama upande wa wanawake. Alikuwa amekaa wima, mikono mapajani, anasikiliza kwa makini kabisa. Nikawaza: jina hilihili lilimfungua mzee yule mdomo, na mama yangu limemfunga. Niliona Mungu ananionea, na nilikasirika hadi nikakataa kuimba wimbo wa kufunga ibada.

Kisha ikaja siku ya Tengeru. Mama alikuwa ameshuka sokoni na mikungu ya ndizi, nami nikamsindikiza kubeba kuku. Siku ya soko Tengeru watu hujaa hadi barabarani, na mimi nilisimama kutazama mbuzi waliokuwa wakipimwa kwa kubebwa mikononi, nilipogeuka mama hayupo. Nilizunguka kwenye maharage, nikazunguka kwenye vyungu, nikarudi kwa mbuzi, wala sikuiona kanga yake. Nikaanza kulia kwa ile sauti ya ndani ya mtoto wa kiume anayejidai halii.

Yaliyompata yeye nilisimuliwa baadaye na jirani yetu aliyekuwa akiuza mbaazi karibu na pale. Mama hakuweza kupaza sauti kuniita. Ungefikiri ni jambo jepesi, mama kapoteza mtoto, anaita jina. Yeye alikimbia huku na huko akiita, "Baba! Baba wee!" na kila mwanaume aligeuka. Mwishowe akamfuata muuza dawa ya kunguni, aliyekuwa na kipaza sauti cha mkononi, akamwomba atangaze. Yule bwana akauliza, "Jina la mtoto?" Mama akatazama huku na huku kumtafuta mtu wa kumsemea, hakumwona hata mmoja wa kwetu. Akataja kaptula yangu ya kaki na kovu langu la usoni. "Mama, watoto wa kaptula ya kaki wamejaa hapa. Jina!" Mama akasema, "Sema Baba anatafutwa na mama yake." Muuza dawa akadhani mama wa watu kachanganyikiwa, lakini alikuwa mtu mwema, akatangaza hivyohivyo: "Baba! Baba popote ulipo! Unatafutwa na mama!" Soko zima likaangua kicheko. Mzee mmoja akajibu, "Nipo, mwambie nakuja!"

Mimi nilielewa papo hapo. Nilikimbia kuelekea ile sauti nikipita chini ya mikono ya watu. Mama aliponiona alitupa kikapu, akanikumbatia hadi nikakosa pumzi, na alikuwa analia, mama ambaye sikuwahi kumwona akilia. "Baba. Baba. Baba yangu." Nikajitenga naye kidogo nimtazame usoni, kwa sababu nilijua kama kuna siku atalisema ni hii. Naye alijua ninachongoja. Niliona mdomo wake unafunguka, unatetemeka, halafu akauma midomo yake na kunirudisha kifuani. Nilikuwa mdogo, lakini nilielewa jambo ambalo bibi na asali yake hakufanikiwa kunielewesha. Mama hakuwa ananinyima. Angeliweza kulisema angelisema pale, mbele ya mbuzi na mbaazi na muuza dawa. Niliacha kumtega tangu siku hiyo.

Babu alifariki nikiwa sekondari. Nitakuwa mwongo nikisema sikuwaza, katikati ya msiba, kwamba sasa mama amefunguliwa. Haikuwa hivyo. Marehemu aliendelea kuheshimiwa kuliko alivyokuwa hai. Harusini kwangu mama alisimama mbele ya watu akasema, "Huyu mwanangu, baba yangu," akakabidhi zawadi akakaa. Miaka hii wadogo zangu walipomnunulia simu, mjukuu wake mmoja aliyekuwa akimwingizia namba alimwuliza aniandike nani. Kwenye simu ya mama mimi ni Baba, na kwa kuwa baba yangu mzazi hayupo tena, hapana wa kunichanganya naye.

Ukipanda leo kijijini kwetu utapotea hata kama umezaliwa pale. Kahawa nyingi zimeng'olewa, pamepandwa nyanya, na penye nyanya zamani sasa pana nyumba za bati la rangi zilizozungushiwa ukuta. Mfereji umekauka sehemu kubwa. Mizinga msituni sijui kama kuna anayeitundika. Na wale wanawake wa Injili ya nne wanaondoka mmoja mmoja, kila mmoja na jina lake ambalo hakulitaja, na wakwe zao wa sasa wanawaita watoto kwa majina yote, tena kwa kuyafupisha. Sisemi ni vibaya. Lakini nimekuwa nikijiuliza, mama akiondoka, nani ataniita Baba kwa maana ile, ya mtoto na mzee kwa pamoja? Na kama ataondoka bila kunitaja, je, itakuwa nimelikosa jambo, au nimelipata siku zote bila kulijua? Huwa nalala nalo swali hilo, na asubuhi naamka nalo.

Jumapili iliyopita tulimpandisha mtoto akamwone mama. Njiani nilitaka kumwonya mkaza mwanangu, nikakosa maneno ya kuanzia. Mama alikuwa amekaa nje juani, na sweta na kilemba, mwili umepungua sana ila macho ni yaleyale. Binti akapiga magoti vizuri, "Shikamoo, bibi," akaitikiwa, kisha akamweka mtoto mapajani pake na kusema kwa furaha, "Bibi, huyu ndiye Yohana."

Dada yangu aliyekuwa anamimina chai akasimamisha birika hewani. Mama akamtazama yule binti kwa muda, si kwa ukali, akamwuliza, "Jina hilo mmempa la nani?"

"La baba," akajibu binti, akinionyesha mimi. "Babu yake."

"Si la marehemu mzee?"

"Hapana, bibi. La baba huyu."

Mama akainamisha kichwa akawa anapapasa vidole vya mtoto kimoja kimoja. Nilijua anafikiri, maana huchezesha midomo anapofikiri. Mwishowe akasema, taratibu, kama anayejieleza mwenyewe, "Kumbe huyu hakupewa la mkwe wangu. Kapewa la mwanangu. La mwanangu mimi nani wa kunikataza?" Akamwinua mtoto hadi usawa wa uso wake.

"Yohana," akasema.

Alilisema kwa Kimeru chake, sauti ya chini, akilivuta katikati, na halikufanana na jinsi mtu yeyote alivyowahi kulisema. Mtu wa miaka yangu, mbele ya mke na mwana na mkwe, niliinuka kwenye kiti bila kujijua. "Naam, mama," nikaitika, machozi yananitoka.

Mama hakunitazama hata kidogo. Alikuwa anamchekea mtoto.

"Kaa chini, Baba," akasema. "Sikukuita wewe."

Nikakaa. Lakini nilikuwa nimeshalisikia.